Kijiji Kisichokuwa na Mbwa

Majina nayaacha. Wengine wenye majina wamekufa, na waliobaki wana wajukuu ambao hawajanikosea kitu. Lakini vyeo nitavitaja, maana walitufanyia yale wakiwa na vyeo vyao: mwenyekiti wa kijiji, bwana mifugo, na balozi wa nyumba kumi ambaye alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Mimi niliishia darasa la nne. Naandika ninavyosema. Asiyetaka aache.

Nilikuwa nimeolewa Bukima, karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Ilikuwa miaka ile tulipotoka kwenye foleni za sabuni ya mgawo, tukaambiwa sasa kila kitu ruksa. Kwetu hiyo ruksa ilikuja na magari ya barafu ya kununua sangara. Samaki walipasuliwa palepale mwaloni, wakapandishwa garini, matumbo yakaachwa mchangani. Mbwa wa kata nzima wakapata habari. Hata wa Bugwema walikuwaga wanashuka asubuhi kula kwetu, jioni wanarudi kwao kulinda, kama watu walioajiriwa.

Halafu kijiji cha jirani mwanamume mmoja akafa kwa kichaa cha mbwa, na amri ikatoka juu: mbwa wauawe. Risasi hazikuwepo, sumu haikuwepo, mafuta ya gari la kuwazungusha askari hayakuwepo. Wakubwa wakakaa, wakafikiri kwa vichwa vyao vyote, wakaja na hili: kila mwenye mbwa amuue mwenyewe, na mkia aupeleke kwa balozi uwe ushahidi.

Yeyote aliyezaliwa Mara angewaambia kitakachotokea. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umepamba moto. Wezi walikuja na bunduki, na mbwa ndiye aliyekuamsha uwahi kupiga yowe. Nani wa kumuua? Serikali iliomba mkia, ikapewa mkia.

Shemeji yangu ndiye aliyeikata mikia ya mbwa wa ukoo wetu wote, kwenye gogo la kupasulia kuni, kwa panga. Vijana wanamkandamiza mbwa, yeye anakata, anapaka majivu, anamwita anayefuata. Mama mkwe alitoka jikoni akasimama kuangalia.

"Hao wamekukosea nini?"

"Mama, nawaokoa hawa. Mbwa halindi kwa mkia."

"Na wewe hulindi kwa masikio. Lete nikukate."

Watu wakacheka. Shemeji naye akacheka, akaendelea. Wale mbwa walikaa siku nyingi wanazunguka wanatafuta kilichokuwa kinawauma nyuma, inzi wamewajaa, wengine wanaenda kukaa ndani ya maji ya ziwa ili wapoe. Sikuwahi kuwa mtu wa kupenda mbwa, lakini nilikuwa na macho.

Mikia ikafungwa mafungu kwa katani kama mchicha. Mwenyekiti akaijaza kwenye gunia, akaipeleka kwenye kikao cha kata. Alipigiwa makofi. Vijiji vingine vikaambiwa vije kujifunza kwetu, kijiji ambacho sasa hakina mbwa hata mmoja. Alirudi kifua mbele, akapita katikati ya mbwa wasio na mikia mpaka nyumbani kwake, na wa kwake akamlaki mlangoni.

Sasa sikilizeni akili ilivyotugharimu. Msimu uliofuata serikali ikapata chanjo ya mbwa, ya bure. Bwana mifugo akaipakia kwenye pikipiki, kwenye kiboksi cha barafu, akaanza kupita kijiji kwa kijiji. Kwetu hakusimama. Asimame afanye nini, wakati mikia yetu ilishahesabiwa? Na siku aliyopita, balozi wetu alituma vijana wawafungie mbwa kwenye mazizi, wawazibe midomo kwa kamba, asije akasikia hata mmoja akibweka. Nilimwona bwana mifugo kwa macho yangu akipunguza mwendo karibu na kisima, akaangalia kinyesi cha mbwa kilichotapakaa njiani, akakikwepa, akaongeza mafuta. Msinieleze kwamba hakujua.

Mbwa wa balozi ndiye aliyeanza kubadilika. Alikuwa mpole, wa rangi ya udongo, watoto walikuwaga wanamlalia. Asubuhi moja mke wa balozi alikwenda kumwagia ukoko, mbwa akamrukia akamng'ata mkono. Mimi nilikuwa naanika dagaa hatua chache kutoka pale. Nilikimbia na fimbo, akamwachia yeye, akanishika mimi mguu. Alikuwa anatoa mate kama povu la fulio, macho hayakuwa ya mtu unayemfahamu. Vijana wakampiga mawe mpaka akafa, wakamtupa kwenye matete.

Mama mkwe alitukalisha wote wawili, akatumwagia maji na sabuni kwenye majeraha mpaka mche ukakaribia kuisha. Yeye hakuwahi kuingia darasa lolote. Alisema tu, "Nendeni Musoma leo hii."

Mke wa balozi alikuwa mwenzangu. Ndivyo tulivyoitana, mwenzangu, maana tuliolewa boma moja na tulichota maji njia moja. Alikuwa na mtoto anayenyonya. Alimbeba mgongoni, akafunga kitenge, tukawa tunatoka. Balozi akatusimamisha.

"Mnakwenda wapi?"

"Hospitali," nikamwambia. "Tumeng'atwa."

"Na nini?"

"Shemeji, umeona mwenyewe. Na mbwa wako."

"Kijiji hiki hakina mbwa."

"Basi nimeng'atwa na nani, na wewe?"

Hakukasirika. Alishusha sauti, akaanza kunielewesha kama mtu anayemwelewesha mtoto. Mwenyekiti atafungwa. Yeye mwenyewe ataulizwa mikia ilitoka wapi. Uchaguzi wa kijiji uko mlangoni. Akamgeukia mke wake: "Wewe umekwaruzwa na waya wa uzio. Rudi ndani."

Mwenzangu aliniangalia. Akarudi ndani. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Mume wangu alikuwa kambi ya wavuvi visiwani, hakuwepo wa kunirudisha. Yeye wake alikuwa pale mbele yake, na ni balozi.

Nilipanda gari la samaki mpaka mjini. Mganga wa hospitali aliniuliza maswali yake: mbwa yuko wapi, ni wa nani, alichanjwa? Nikajibu. Akasema sindano zipo kidogo kwenye friji, hazitolewi mpaka bwana mifugo athibitishe kwamba mbwa ni wa kutiliwa shaka. Sina neno na huyo mganga. Nikamfuata bwana mifugo. Nilimkuta ofisini anakunywa chai.

"Kijiji gani?"

Nikamtajia.

"Mama, kile hakina mbwa."

Nikapandisha kitenge, nikamwonyesha mguu. Meno yalikuwa yamejiandika pale kama muhuri. Akatazama, akaweka kikombe chini.

"Sasa ukisema ni mbwa wa kijiji chenu, unamfunga mwenyekiti wako. Na mimi unaniharibia kazi. Mimi niliandika hakuna."

"Kwa hiyo nife?"

"Nani amesema ufe?" Akafikiri. "Bunda unaendaga? Mnadani?"

"Mara moja moja."

"Basi umeng'atwa Bunda, mnadani. Bunda mbwa wapo."

Ndivyo nilivyopona. Kwa mbwa wa Bunda. Bwana mifugo alithibitisha bila aibu, akaniambia pole, akamalizia chai yake. Nilimwambia tuko wawili, kuna mwenzangu ananyonyesha. Akasema aje tu naye aseme Bunda, kwani Bunda ni mbali?

Nilikaa Mwisenge, palepale mjini, kwa ndugu ya mama yangu, kila siku natembea kwenda kuchomwa tumboni, kuzunguka kitovu. Tumbo lilivimba, nikawa nalala chali kama maiti. Lakini kichwani mwangu alikuwa mwenzangu. Nilituma maneno kwa dereva wa gari la samaki: mwambieni aje, aseme Bunda, sindano bado zipo, nimeziona. Dereva akarudi na jibu la balozi. Wanawake wawili wa boma moja hawawezi kung'atwa Bunda siku moja, watu watauliza. Na tena mke wake hajang'atwa. Ni waya.

Nikatuma tena. Nikamwambia dereva safari hii asimwambie balozi, amtafute mwanamke mwenyewe mwaloni. Alimpata. Jibu lake lilikuwa: "Mwambie mkono umeshafunga. Asijali."

Nilipomaliza nikarudi nyumbani. Nilimkuta anatwanga mihogo, mnene, anacheka.

"Wewe umeshonwa tumbo kama godoro," akaniambia, "na mimi niko mzima. Nani mjinga?"

"Mwenzangu, twende kesho. Mimi nitalipa nauli."

"Ananikataza."

"Twende bila yeye."

"Halafu nirudi kwa nani?"

Nikachukua mchi mwingine, tukatwanga pamoja.

Mahindi yalikuwa yameanza kutoa mbelewele alipoanza kusema mkono unawasha palepale palipofunga. Kisha akawa halali. Siku moja tulipokwenda kuchota maji, alisimama njiani tulipoliona ziwa, akashika koo. Alisema tu kwamba hawezi, akaketi chini na ndoo yake. Upepo ukivuma usoni analia. Tukimpa uji anautaka, anaunyanyua, koo linakataa. Mama mkwe akamchukua mtoto, akasema asinyonye tena. Akatoka nje, akalia pembeni ya zizi, mahali mwanawe balozi asipoona.

Balozi akasema karogwa. Akampakia garini, akampeleka kwa mganga wa kienyeji upande wa Butiama, mbali na hospitali, mbali na maswali. Huko waliwafukuza mashetani mpaka akakata roho. Alirudishwa amefungwa mikono kwa kamba, na alama za kamba zilikuwepo tulipomwosha.

Kwetu kabla ya jeneza kushushwa, mmoja wa ukoo husimama akaeleza marehemu alizaliwa wapi, aliolewa lini, aliugua nini. Alisimama mwenyekiti, maana cheo hakikosi msibani. Akasema marehemu alisumbuliwa na malaria iliyopanda kichwani. Mchungaji akainamisha kichwa. Mimi nikasimama. Mwanamke hasimami pale, najua. Nikasema: "Huyu aliumwa na mbwa wa mume wake. Tuliumwa wote. Mbwa huyo alikatwa mkia na balozi, akahesabiwa amekufa na mwenyekiti, akanyimwa chanjo na bwana mifugo. Malaria haikuwepo."

Mchimba kaburi mmoja aliweka sululu chini. Kisha balozi akasema kwa upole, sauti ileile, "Mwacheni. Sindano zimempanda kichwani." Na hilo ndilo likashika. Nimeitwa Sindano mpaka nywele zikaanza mvi. Mwenyekiti akachaguliwa tena. Bwana mifugo akapandishwa, akahamishiwa mahali pazuri zaidi.

Siku hizi wanakuja vijana na fulana zao kutufundisha kijijini. Wanasema kuna sheria, mnyama asikatwe kiungo ovyo, asipigwe mawe, mwenye mbwa anawajibika kwa mbwa wake, na chanjo ni kila mwaka. Wanasema vizuri. Mara ya kwanza niliwasikiliza mpaka mwisho, nikauliza kama hiyo sheria inarudi nyuma. Kijana akatabasamu, akasema hapana mama, sheria hairudi nyuma. Nilijua. Balozi alikuwa amekaa kiti cha mbele, mzee sasa, anaitikia kwa kichwa kila wanachosema. Aliuliza swali zuri kuhusu upele wa mbwa.

Yule mtoto aliyekuwa ananyonya nimemlea mimi. Baba yake alioa mwingine upesi. Alipofikia umri wa kuuliza, aliniuliza mimi, tukiwa tunaparua samaki. Nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, na gogo, na gunia, na Bunda. Hakulia. Aliendelea kuparua.

"Mama mdogo, hizo sindano zilikuwepo kweli? Siku zile?"

"Zilikuwepo. Kwenye friji."

"Na baba aliambiwa?"

"Aliambiwa. Mara mbili zilizofuata nilimwambia mama yako."

Akaosha mikono, akaenda nyumbani kwa baba yake kumpelekea chakula, kama kila siku. Ila tangu jioni ile hajamwita baba. Akimwita anamwita balozi, kama watu wengine wote, na yeye anaitika.