Jina Refu la Mama Nuru

Hadi leo nikipita Gerezani navuta kofia chini kama mtu anayedaiwa, na aibu yote hiyo ilianza na neno moja lililoninyima usingizi wiki tatu: "mengine". Kila asubuhi mtambo wa kunakili nyaraka za ofisi ulinitumia taarifa: kunakili kumekamilika, mengine yamerukwa. Mengine yapi? Kwa nini yarukwe? Sikuuliza, maana nilikuwa kwenye miezi ya majaribio, na mtu wa kompyuta aliyetoka chuo juzi anaanzaje kumuuliza bosi maana ya "mengine"?

Ofisi yetu ya Kariakoo inawatolea watu mizigo bandarini. Nyaraka za wateja ziko kwenye mashine tatu zilizounganishwa zikawa kama kabati moja, na kila siku nakala zinapelekwa kwenye mashine za zamani kidogo, ghalani kwetu Gerezani. Sasa, tuna wateja watatu wanaoitwa Mama Nuru, mmoja wa sare, mmoja wa mapazia, mmoja wa vyombo, na mwezi wangu wa kwanza nilimpa wa vyombo karatasi za wa mapazia (nilisemwa hadi na muuza kahawa). Nikaapa kwamba kila faili litabeba maelezo yote kwenye jina lake: Mama Nuru wa vitambaa vya sare, ghorofa ya pili, mwenye miwani, asichanganywe na wa mapazia, wala na wa vyombo ambaye naye ana miwani, na kuendelea, mistari mitatu. Mtambo ukakataa, jina refu mno. Nikachokonoa mipangilio nikakuta pa kuruhusu majina marefu, pamoja na onyo kwamba baadhi ya huduma huenda zisielewane nayo kwenye mashine za zamani. Nikalisoma mara nne, kila mara nikaelewa tofauti, nikabonyeza "Ndiyo".

Siku ya siku, umeme ukakatika jengo zima na jenereta likagoma. Mama Nuru wa sare akaingia anahema: kontena lake linatoka siku hiyo ikiwa tu nakala ya kibali itafika bandarini kabla ya saa kumi, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Kibali chenyewe kililowa nyumbani kwake Jangwani mafuriko yalipoingia.

"Shikamoo Mama, usijali," nikasema (nani alinituma?). "Hata jengo hili lianguke, nyaraka zako ziko Gerezani."

"Marahaba. Twende nikazione."

Tukaenda, mimi, yeye na bosi wangu Bi Zuhura. Ghalani umeme upo, na pia ipo runinga kubwa ya kuwaonyesha madereva zamu zao, na mimi kwa kiherehere nikafungulia nakala humo humo ili Mama ajionee. Madereva kama kumi wakageuka. Kwenye kabrasha la wiki zile tatu hapakuwa na kibali, hapakuwa na Mama Nuru hata mmoja. Yalikuwapo mafaili saba tu, yenye majina mafupi: barua1, barua2, hadi barua7.

"Fungua," akasema Bi Zuhura.

Zilikuwa barua zangu za kuacha kazi. (Kila nikihisi nitafukuzwa naandika moja, niwahi mimi.)

"Hii ya tano nzuri," dereva mmoja akasema. "Kalia machozi kabisa humu!"

"Mwanangu," Mama Nuru akauliza taratibu, "mimi niko barua ya ngapi?"

Hapo ndipo nilipolielewa lile "mengine". Mengine yalikuwa wateja. Mashine za zamani zilishindwa na majina yangu marefu zikayaruka yote. Nilitaka kusema ni umeme, na pale nani angebisha? Lakini nikamwona Mama Nuru amevua miwani anaifuta kwa mtandio, anaifuta tu.

"Bi Zuhura, ni mimi. Niliruhusu majina marefu, onyo nikalipuuza. Kibali kiko kwenye zile tatu za Kariakoo. Zipo salama, zinataka umeme tu."

"Sasa unasubiri barua ya nane?"

Nikakimbia hadi Kariakoo, nikazifunga mashine zote tatu kwenye kanga nilizoazima kwa Mama Nuru wa mapazia, nikakodi mkokoteni, nikazisukuma mwenyewe hadi Gerezani huku watu wakiniuliza vitumbua bei gani. Zikawaka. Kibali kikachapwa, kikafika bandarini saa tisa na nusu.

Jioni ile nikabaki ghalani nikabadilisha majina, moja baada ya jingine, nurusare, nurupazia, nuruchombo, kisha nikafunga ile ruhusa ya majina marefu. Kesho yake, mashine zikiwa zimesharudi Kariakoo, taarifa haikutaja "mengine", ila sikuiamini. Nikaenda Gerezani kwa miguu, nikafungua kibali cha Mama Nuru kwa mkono wangu, nikakisoma hadi mhuri. Halafu nikafuta barua zote saba, huku na Kariakoo pia.