Matanga ya Nyumba ya Mama Angèle

Mama Angèle alizaliwa Yanonge, akaja Kisangani kwa pirogi, mtumbwi wa mtoni, pamoja na mume wake Léon na mizigo ya samaki wa moshi. Walifyatua kwa mikono yao matofali ya nyumba yao ya Kabondo. Léon alipofariki, mama aliendelea kuuza samaki na kulea wajukuu hapo hapo. Ni mtu wa kucheka. Alicheka hata siku tulipoambiwa kwamba barabara mpya itapita katikati ya sebule yake.

"Muzuri," alisema. "Matope ya hii avenyu imenichosha. Wapite. Lakini wanionyeshe kwanza fasi ya kulala."

Serikali ilimwahidi kiwanja kingine upande wa Kapalata, pamoja na fidia. Katiba yetu inasema wazi: fidia iwe ya haki, na itangulie. Jumatatu asubuhi lilitangulia tingatinga.

Sisi vijana wa mtaa tulikuwa tumeshakusanya matairi ya kuchoma. Mama alitukemea.

"Moshi ya tairi itanipa kiwanja? Mukate matawi ya ngazi, mulete na viti!"

Tukasimamisha matawi hayo ya michikichi pande mbili za njia, alama ambayo kila dereva wa mji huu anaijua: hapa kuna matanga. Djuma, mwendesha tingatinga, alipoyaona alizima injini na kuvua kofia.

"Pole, mama. Nani alikufa?"

"Nyumba yangu."

"Mama, uko nanicheka?"

"Nikucheke sababu gani? Watu wanakaa, chai iko moto. Pita juu ya matanga kama unaweza."

Djuma aliwatazama akina mama waliofunga vitambaa kichwani na kuanza kuimba, wengine wakiuma midomo wasicheke.

"Mimi? Hapana. Bibi yangu atanifukuza." Akakaa, akapokea mkate.

Mkubwa wake akapiga simu akifoka, akaambiwa kuna matanga. "Basi muzike mbio!"

Mama aliichukua simu. "Papa, hatuziki mbele mukubwa wa jamaa afike. Hii nyumba sasa iko ya serikali, si ndiyo? Alors, tunangoja serikali."

Tulingoja mpaka Jumatano. Henri, afisa wa ardhi, alifika kwa pikipiki, amekunja uso. Lakini watu wote walisimama, wakampa mkono mmoja mmoja: "Pole, papa. Pole sana." Unawezaje kumgombeza mtu anayekupa pole? Aliketishwa kwenye kiti cha wafiwa. Kabla chai haijaisha kikombeni, alikuwa kwenye simu akiulizia kiwanja.

Jioni hiyo mama alirudi kutoka Kapalata. Alikuwa amekanyaga kiwanja chake, na fidia ilikuwa mkononi. Aling'oa matawi mwenyewe.

"Djuma, mutoto wangu, sasa zika. Polepole upande ule, Léon alikuwa nalala pale."

Alilia kidogo, kisha akatugawia samaki. Leo nyumba yake mpya ina kibanda kikubwa zaidi cha kukaushia samaki, na anaisifu barabara kwa kila mteja. Mimi bado nasema: raia hapaswi kufiwa ndipo apate haki yake!

Zilibaki nyumba kadhaa mbele. Kila alipofika kwenye mojawapo, Djuma alishuka kwanza na kubisha hodi.

"Hapa mumelipwa, ao tulete viti?"