Dari ya Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka michache baada ya Uhuru, sikushika msumeno. Msimamizi wa karakana yetu pale Tabora alinituma stoo kuhesabu bodi za plaiwudi. Nilimletea jibu, nikaongeza kwamba mbili zimepinda na moja imeliwa na mchwa.

"Nani kakuuliza ya mchwa?" akasema. Kesho yake akanipa kazi ya kukadiria.

Bodi moja ni futi nne kwa nane. Wengi hugawa eneo la chumba kwa eneo la bodi, wakaridhika. Hesabu hiyo inafaa kwa maji, yanayoenea popote. Bodi ya dari lazima iishie juu ya papi, yaani ule ubao mwembamba unaoibeba. Isipofika, ncha inaning'inia. Kwa hiyo chora chumba, panga bodi zako kwenye mchoro, ndipo uhesabu.

Tulijenga nyumba za watumishi Urambo, kisha tukapelekwa kijiji cha ujamaa karibu na Kigwa. Kuta zote zilikuwa za tofali, zimenyooka. Huko msimamizi alizoea kupima sakafuni. Apande ngazi kwa nini?

Tuliporudi mjini tukapewa kazi kwa Bi Zuhura, mjane wa mtaa wa Kitete. Nyumba yake ilikuwa tembe la zamani, kuta nene za udongo, sasa limeezekwa bati. Muuguzi mmoja alikuwa tayari kupanga chumba cha mbele, sharti kiwe na dari, maana popo walikuwa wengi kuliko wapangaji. Angemkosa muuguzi, Bi Zuhura angekula kwa shemeji yake msimu mzima wa mvua, na shemeji huyo alikuwa hodari wa kukumbusha watu fadhila.

Msimamizi akapima sakafu: futi nane kwa kumi na mbili. "Bodi tatu, hakuna cha kutupa." Bodi zilikuja kwa mgao, na siku ya mgao mwingine hakuna aliyeijua.

Tulipopandisha ya kwanza, ilibaki nafasi ya vidole vinne kila upande. Ukuta wa tembe ni mnene chini, mwembamba juu, hivyo chumba hupanuka kadiri unavyopanda. Nikahesabu bodi tena. Zilikuwa tatu.

"Wanangu," Bi Zuhura akasema kutoka chini, "popo wangu hawahitaji mlango mpana hivyo."

Msimamizi akakuna kichwa. "Tutazungusha ubao wa mninga pembeni, mama. Mninga tunao."

"Nimeomba dari, mnanipa fremu ya picha."

Nikaingilia. "Na rafu moja ya mninga ukutani, bibi."

"Mbili."

"Moja, na mlango wa jikoni tutaunyoosha."

"Mbili, na mlango."

Nilikuwa nikijiona mjuzi wa kupatana bei sokoni. Nikakubali.

Muuguzi alikuja mchana tulipomaliza dari. Akamwamkia Bi Zuhura shikamoo, akaitikiwa marahaba, akachukua ufagio na kugonga kwa mpini pembe zote za dari, akisikiliza. Akaurudisha ufagio, akatoka. Bi Zuhura akakaa barazani akitazama njia. Baada ya alasiri yule muuguzi akarudi, godoro kichwani.

"Rafu zangu mbili ziko wapi?" Bi Zuhura akatuuliza.

Sasa nimestaafu. Vijana huniletea michoro yao, nami nawaambia wapime pale dari itakapokaa. Hunijibu kwamba kuta za siku hizi zimenyooka. Huenda. Ngazi haidai nauli.