Kiuno cha Mheshimiwa

Waziri alikuwa na tabia moja akipimwa suruali: anavuta tumbo ndani, anaangalia dari, halafu anasema, "Soma, fundi." Na fundi, mwanamke mpole mwenye mkono mwepesi kuliko wote pale dukani, alijua cha kusoma. Alitaja kipimo cha zamani, cha enzi za wembamba wa waziri, huku kidole gumba kimebana kipimo cha kweli kwenye futi. Kile cha mdomoni kilikuwa cha kumfurahisha mkubwa, na cha kidoleni kilikuwa cha kukatia kitambaa. Suruali ikimkaa sawasawa, waziri anajipiga tumboni na kusema, "Unaona? Sijanenepa." Kisha anapanda gari kwenda kuwaambia wananchi wakaze mikanda.

Wapo watakaoiita unafiki. Mimi naiita kazi, na kila fundi anayeshonea wakubwa anaijua. Kosa lake lilikuwa kumsimulia mdogo wake.

Mdogo wake huyo, mtoto wa mama yake mdogo, ni mchekeshaji. Watu wanamwita Upupu, maana akimgusa mkubwa lazima ajikune. Kazini hakuna aliyejua undugu wao, na fundi alipenda ubaki hivyo. Lakini Jumapili moja Upupu alikuja kula kwake akiwa amepooza, hana jipya la kupeleka jukwaani, na dada mtu akamwonea huruma. Akasimama katikati ya chumba, akavuta tumbo, akaiga ile "Soma, fundi." Upupu alicheka mpaka akapaliwa.

"Usiitoe hapa," dada akamwambia.

"Dada, mimi kaburi."

Kaburi gani hilo lenye kipaza sauti. Wiki haikuisha, Upupu akapanda jukwaani na mto ndani ya shati, akamtaja waziri kwa jina na cheo chake, kisha akawa waziri na fundi kwa zamu.

"Soma, fundi."

"Ileile ya zamani, mheshimiwa."

"Na bei ya unga?"

"Ileile ya zamani, mheshimiwa."

"Na foleni ya hospitali?"

"Foleni hakuna, mheshimiwa. Watu wamependa tu kusimama."

Kifungo kikamruka. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu, na kufikia asubuhi video imeshaingia kwenye kila simu. Nasema wazi, yule waziri alistahili. Fundi mwenyewe alipoiona alicheka, peke yake jikoni, kisha kicheko kikamkauka.

Msaidizi wa waziri alikuja dukani siku hiyohiyo. Hakufoka. Aliuliza tu ni nani huwa ndani mheshimiwa akipimwa. Ni wawili: fundi, na Mzee Pasi, aliyeshika makoti na kunyoosha nguo pale tangu duka lifunguliwe. Mzee Pasi ni mtu wa porojo, na asubuhi alikuwa ameonekana akiitazama video huku akifuta machozi ya kicheko. Tajiri wa duka hakutaka ushahidi zaidi. Akamwambia avue aproni aende nyumbani.

"Tajiri, mimi sijasema na mtu," alisema Mzee Pasi. Halafu akanyamaza ghafla, akaivua. Fundi aliinamia cherehani yake, akahangaika kutunga uzi kwenye sindano iliyokuwa na uzi tayari.

Dhamiri ilimsuta vibaya. Kila alipoiona pasi imekaa baridi mezani alijisikia mwizi. Upupu alipopiga simu kuomba radhi, alimkatia. Mwishowe akaamua kwenda kwa Mzee Pasi akaseme ukweli, liwalo na liwe, na njia nzima alikuwa akiyarudia maneno yake.

Mke wa mzee ndiye aliyefungua mlango, macho yamevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita."

Mzee Pasi alikuwa amekaa ameugeuzia chumba mgongo. "Umemwona huyo?" akasema bila kugeuka. "Habari za waziri nilimwambia mtu mmoja tu duniani. Huyo. Tangu nifukuzwe hatusemeshani."

Mke akamvuta fundi pembeni. "Mwanangu, sikumbuki kumwambia mtu. Lakini labda niliropoka sokoni. Siku hizi hata mimi sijiamini." Akamshika mkono. "Wewe anakuheshimu. Niombee msamaha."

Maneno yalikuwa pale pale mdomoni mwa fundi. *Ni mimi, mama.* Yangetosha hayo. Lakini alimwaza msaidizi wa waziri na ile sauti yake ya upole, akaiwaza cherehani yake.

"Mzee wangu," akasema, "msamehe mama. Aliteleza tu."

Mzee Pasi akageuka. Akamwambia mkewe aje akae karibu naye. Mama yule alilia kwa furaha, akaishika mikono ya fundi, akasema Mungu amlipe kwa wema wake.

"Amina," fundi akaitikia.