Wifi Yangu na Mimi Tulipokuwa Mikono ya Kompyuta

Tulikuwa watatu jikoni kwangu Gatongora: mimi, wifi yangu wa Thika, yaani dada mkubwa wa marehemu mume wangu, na mjukuu wangu, mtoto wa kitindamimba wangu, anayesomea kompyuta chuoni. Majina ninayo yote, hata la paka, lakini mjukuu amenikataza kuyaandika.

Alikuja amenuna. Kesho yake alitakiwa kumwonyesha mwalimu kazi yake, na asipopita, wenzake wangevaa joho yeye abaki. Kazi yenyewe ni kutafsiri. Programu iko kwa lugha ya katikati, inayopanga namba moja juu ya nyingine kama sahani, kisha inachukua za juu na kuzihesabu. Lakini chuma cha kompyuta hakijui mambo ya kupanga. Kina mikono tu, kila mkono unashika namba moja. Basi mtafsiri wake, yaani programu aliyoiandika ya kutafsiri, alijumlisha vizuri, ila kwa kutoa akaharibu: kumi toa tatu, akasema hasi saba!

"Mtakuwa mikono," mjukuu akatuambia sisi bibi zake wawili. "Shosho wa Thika wa kwanza. Shosho, wewe wa pili."

"Nimetoka Thika yote nije kuwa mkono?" wifi akauliza. "Na chai iko wapi?"

Mjukuu akaweka sahani yenye punje kumi za mahindi, juu yake yenye tatu. Ya juu akampa wifi, vile tulivyomfunza: mkubwa kwanza. Ya chini akanipa mimi.

"Sasa mkono wa kwanza, toa za mkono wa pili."

Wifi akaangalia tatu zake, akaangalia kumi zangu. "Nitoe kumi kwa hizi? Wewe msichana, umevuta nini?"

 Mjukuu akapiga kelele mpaka paka akatoroka. "Woi! Ya juu ndiyo iliyokuja mwisho, ni ya mkono wa pili! Hata kwa kompyuta nimeipeleka kwa mkono wa kwanza, mkubwa kwanza!"

Kwa kujumlisha haikuonekana, maana kumi jumlisha tatu au tatu jumlisha kumi, jibu ni lile lile. Akarekebisha hapo hapo, kompyuta ikasema saba.

"Kwa hivyo atapita kwa kukosa adabu," wifi akasema.

Alipita, joho akavaa. Lakini siku ile jikoni akili yake ilikuwa bado kwa mashine, akanipa mimi kikombe cha kwanza cha chai. Wifi hudai nilikinyakua. Mimi nakumbuka nilipewa. Kama nimekosea, aliyekuwa hapo aseme, ila si wifi.