Wewe Utaendeshwa

Kila fundi anayefungua mlango wa gari langu huanza na swali lile lile: "Dada, mbona manual?" Anaitazama gia, ananitazama mimi na sketi yangu ya ofisini, halafu anatafuta kwa macho mwanaume mwenye gari. Huwa nawajibu kwamba gia za mkono hazina usumbufu, hazili mafuta, na kwenye mchanga zinavuta vizuri. Yote hayo ni kweli, lakini sikulinunua kwa sababu hizo. Nililinunua kwa sababu baba yangu mzazi aliniahidi jambo moja, nami na utu uzima wangu wote nikamwamini kama mtoto wa darasa la pili.

Baba alikuwa dereva wa lori la wachimba visima. Wiki nzima alikuwa porini, na Ijumaa akirudi nalo nyumbani Gulwe, analiegesha kwenye kiwanja karibu na reli. Jumamosi ilikuwa siku ya kufundisha. Vijana wa kijiji walipanga foleni, na wa kwanza alikuwa mdogo wangu wa kiume, ambaye alianza kushika usukani akiwa bado anakalia gunia lililokunjwa ili aone mbele. Mimi kazi yangu ilikuwa maji. Ndoo mbili za kuoshea lori, kitambaa cha taa, na kuondoka njiani wanapoanza kuzunguka.

Siku moja nikajitutumua. "Baba, na mimi?"

Hakunifokea. Angenifokea ningesahau. Alicheka, akanishika kichwani, akasema, "Wewe utaendeshwa, mama." Alisema kama mtu anayenipa zawadi, nami nikarudi kwenye ndoo zangu. Tangu siku hiyo sikuomba tena, ila kila nikisikia gari likibadilisha gia mahali, nilikuwa nasimama kusikiliza.

Basi miaka ikaenda. Nikasoma, nikapata kazi serikalini Dodoma, nikaolewa, ndoa ikavunjika, nikajenga Nzuguni. Kila asubuhi pikipiki, kila asubuhi vumbi, nafika ofisini nimevaa nguo nyeusi imekuwa ya kahawia. Nikaamua sasa nanunua gari, moja ya hivi vidogo ambavyo mjini wanaviita bebi woka. Wanawake wote wa ofisini wanaendesha auto, na wote walinishauri auto. "Unakanyaga unaondoka, shoga. Usijitese."

Wakati huo baba alikuwa kwangu. Mama alishafariki, na yeye alikuja kutolewa mtoto wa jicho, akapona, akakaa kidogo. Jioni moja tukiwa mezani nikampa simu aone picha ya gari nililolipenda. Aliitazama sana, kisha akanirudishia.

"Hii auto."

"Ndiyo, baba."

"Auto si kuendesha. Ni kukaa." Akamega ugali, akauviringisha mkononi bila haraka. "Tafuta kadogo hako hako, lakini ka gia tano. Nitakufundisha mwenyewe."

Niliinuka nikaenda jikoni kama nafuata chumvi. Jamani, nililia. Mtu mzima, nimeshika kopo la chumvi, nalia kwa sababu nimeambiwa nitafundishwa gari.

Kupata gari dogo la gia za mkono Dodoma si mchezo. Kwenye yadi wauzaji walinicheka. "Mama, hizo zinachukuliwa na vyuo vya udereva. Wewe chukua hii, hata mguu wa kushoto hauna kazi." Kila Jumamosi tulizunguka mimi na baba, yeye kavaa koti lake la kustaafia, mimi nyuma yake na chupa ya maji. Nikisema ukweli, zile Jumamosi zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kukaa na baba yangu. Alikuwa anafungua kifuniko cha oili ananusa. Anafunga vioo vyote anasikiliza. Muuzaji akianza maneno mengi, baba anamwinulia kidole kimoja tu, na mtu ananyamaza.

Gari la nne lilikuwa la fedha, la mwalimu aliyehamishwa. Baba akawasha, akavuta breki ya mkono, akatia gia ya tatu, akaachia klachi taratibu. Gari likashtuka, likazima. Nikasikitika, nikajua na hili bovu.

"Umeona?" akasema. "Limezima. Klachi nzima hiyo. Ingekuwa imekwisha, injini ingeendelea kulia tu bure. Hapo gari linalozima ndilo zuri."

Lilikuwa somo langu la kwanza. Nikalinunua.

Siku ya tatu mdogo wangu akafika kutoka Gulwe na begi. Eti mzee kamwita aje alizoeshe gari barabara. Mdogo wangu ni mtu wa maneno matamu, ana watoto wanne, na leseni ya udereva isiyokuwa na gari. Nilifurahi kumwona, kwa nini nidanganye? Asubuhi akanipeleka ofisini, akashuka, akazunguka kunifungulia mlango. "Karibu, bosi." Wenzangu dirishani wakapiga vigelegele. Jioni nilipomweleza baba, akacheka mpaka akakohoa. "Si nilikwambia utaendeshwa?"

Nami nikacheka. Mjinga mimi, nikacheka!

Jumapili ya kwanza nilivaa raba mapema, nikakaa sebuleni. Baba akasema goti linamvuta. Jumapili ya pili, upepo una vumbi, jicho halijakaza. Jumapili ya tatu akasema gari jipya halifundishiwi, acha lizoee kwanza. Nikamwambia mdogo wangu basi anifundishe yeye, japo kuzunguka uwanja wa shule. Akashika kifua. "Dada, mzee amesema atakufundisha mwenyewe. Nimvuke mzee mimi? Thubutu!" Nikaona kweli, ni heshima. Nikasubiri.

Siku moja ofisini mwenzangu wa meza ya jirani alininyooshea mkono, akanibandua kitu kwenye sketi. Gamba la samaki, kubwa, linang'aa. "Mwenzetu, siku hizi unavua?" Ofisi nzima ikacheka. Nilisema labda ni jikoni, ila sikuwa nimepika samaki wiki mbili. Kuna harufu pia niliyokuwa naisikia garini asubuhi, nikidhani ni mtaro wa jirani.

Jumamosi iliyofuata mdogo wangu alisema anapeleka gari kuoshwa, nami nikaenda sokoni kwa pikipiki. Nikasimama kwa mama mmoja anayeuza samaki, nikamuuliza kama perege wake ni wabichi.

"Wa bwawa la Mtera hawa, wameingia jana. Kuna kijana ananiletea kwa gari dogo la fedha. Anaenda asubuhi, jioni yuko hapa."

Sijui kwa nini niliendelea kuuliza. "Ana gari lake?"

Yule mama akacheka mpaka akaweka kisu chini. "La dada yake! Wajanja hao, we acha. Alitusubirisha muda mrefu, anasema vumilieni, baba anamshawishi dada anunue manual. Kwa sababu ikiwa auto, dada ataliendesha mwenyewe na wao watakosa. Dada wa watu yuko ofisini huko, anajiona bosi."

Hakujua anaongea na nani. Alinichagulia perege watatu wazuri, akaniongeza mmoja mdogo kwa kuwa nilikuwa mteja mpya. Nikamshukuru. Nikapanda pikipiki, nikarudi nyumbani na samaki wangu.

Niliwakaanga wale perege vizuri kabisa. Nikaweka na ndimu. Baba akala wa kwanza akamaliza, akaanza wa pili.

"Watamu. Wametoka wapi?"

"Wametoka kwenye gari langu, baba."

Mdogo wangu aliacha kutafuna. Baba hakuacha. Alitoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni ya sahani, akatoa mwingine. Hakukana, na hilo nampa.

"Mwenzio ana watoto wanne," akasema. "Hana kazi. Wewe una mshahara, una nyumba."

"Si ungeniomba?"

"Ungekataa."

Hapo ndipo moyo uliponipasuka. Mimi sijawahi kumkatalia baba yangu kitu chochote tangu nizaliwe. Angesema nimnunulie mdogo wangu pikipiki ya mizigo, ningehangaika, angepata. Nikamuuliza, "Na kunifundisha?"

"Mwanamke mwenye dereva ndiye anayeheshimika, mama. Unataka kuhangaika na gia za nini?"

Watu nikiwasimulia wanadhani niliumia kwa sababu ya samaki, au kwa sababu gari langu limefanywa la biashara bila mimi kujua. Wapi! Kilichoniumiza ni kwamba alikuwa anakumbuka. Miaka yote nilidhani ile siku ya ndoo mbili naikumbuka peke yangu. Kumbe na yeye alikuwa nayo. Alijua kabisa mtoto huyu ukimwambia neno lipi ataacha auto yake, aache ushauri wa wenzake, azunguke yadi zote juani. Alikuwa amelitunza neno hilo, na siku alipolihitaji akalitoa akanitegea nalo kama chambo.

Nilinyoosha mkono. "Lete ufunguo."

Mdogo wangu akadhani utani. "Dada bwana..."

"Lete ufunguo! Kesho kuna basi la asubuhi."

Akaondoka. Baba alibaki, na mle ndani tukawa tunaishi kwa shikamoo na marahaba tu. Mimi nikaenda chuo cha udereva kama kila mtu. Mwalimu wangu alikuwa msichana mdogo, ningeweza kumzaa, mkali kama pilipili. "Mama, acha kuiangalia gia, haikimbii! Angalia barabara!" Nilizimisha gari kwenye mzunguko, nikazimisha mlimani, nikazimisha mbele ya lori la kokoto, dereva akanitukana matusi ambayo sijayasikia tangu Gulwe. Na kila likizima nilisikia sauti ya baba: klachi nzima hiyo. Nilitamani niing'oe hiyo sauti kichwani. Asubuhi nikiwa natoka na raba zangu alikuwa anakaa barazani ananitazama. Hata siku moja hakuuliza nakwenda wapi.

Nilipopata leseni niliiweka mezani, pale anapowekewa chai. Akanywa chai. Baada ya siku chache akasema anataka kurudi kwake, nyumba itaingia mchwa.

"Nitakupeleka," nikasema.

Alikaa kushoto kwangu, begi miguuni, mkono umeshika kile kishikio cha juu ya mlango. Tulipita Kongwa, tukapita Mpwapwa, macho yake yako barabarani. Lakini nilikuwa nauona mguu wake wa kushoto. Kila nikikanyaga klachi, na wake unakanyaga zulia. Kila nikiachia, unaachia. Nami nilimwomba Mungu njia nzima, jamani, aseme kitu kimoja tu. Aseme nilikosea, mama. Au asiseme nilikosea, aseme tu umeweza. Ningesamehe kila kitu hapo hapo barabarani.

Karibu na Gulwe kuna mahali maji ya mvua hukata njia na kuacha mchanga mwingi. Nilishusha gia ya pili mapema, sikukanyaga breki, nikashika usukani kwa kulegeza kidogo, gari likayumba likapita. Baba akasema, "Mbili." Nilikuwa nimeshatia zamani. Hilo ndilo neno pekee alilosema.

Nyumbani walikuwa wanatusubiri. Majirani, wazee aliofanya nao kazi, mdogo wangu na watoto wake wakikimbilia gari. "Mbukwenyi!" wakasalimia, nami nikashuka kuwapa wazee shikamoo zao. Mzee mmoja alizunguka mpaka upande wa dereva, akachungulia ndani, akaona gia, akaona hakuna mtu mwingine.

"Ina maana huyu binti ndiye aliyeendesha? Gia za mkono? Kutoka Dodoma?"

Baba alikuwa ameshateremka. Alinyoosha mgongo, akaligonga bati la juu la gari kwa kiganja mara mbili, vile alivyokuwa akiligonga lori lake zamani.

"Nimemfundisha mwenyewe," akasema.

Watu wakashangilia. Mdogo wangu akainama akajifanya anambeba mtoto. Mimi nilisubiri. Nilidhani atanitazama, atanikonyeza, atafanya ishara yoyote ya kuonyesha kwamba tunajua, mimi na yeye. Hakugeuka.

"Baba," nikasema, kwa sauti, wote wasikie. "Ulinifundisha siku gani?"

Wakaangua kicheko, wakidhani ni utani wa mtoto na mzazi. Baba naye akacheka. Akachukua begi lake akaingia ndani, wala hapakuwa na mtu aliyesubiri jibu.

Kuku alikuwa ameshachinjwa, lakini sikukaa kula. Niliingia garini nikageuza pale pale uani, pafinyu, rivasi, moja, rivasi, moja, wote wamesimama wananitazama, baba naye katoka tena mlangoni. Halikuzima. Nilipokuwa natoka getini, kioo kikiwa wazi, nikamsikia yule mzee akimpa baba hongera.