Bismillahi Juu ya Sinia la Wali

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo naikumbuka kwa harufu ya wali unaopoa. Ilikuwa Maulidi, hapa hapa Goma, na mimi nilikuwa msichana ambaye hati yake ilisifiwa kuliko zote katika chuo chetu cha Kurani. Leo magoti yangu huniomba ruhusa kabla ya kuinuka, na bado namshukuru Mungu, maana wapo wenzangu wengi ambao hawakupewa umri wa kulalamikia magoti. Siku ile nilikuwa nimeiweka mbali. Aliyenirudishia ni mjukuu wangu Mariamu, juma lililopita.

Mariamu anasomea dizaini hapa mjini. Profesa wao aliwapa kazi: kila mwanafunzi aandike neno moja kwa chakula, lipendeze na lisomeke. Akaja kwangu na ubao mpana, akaketi barazani, akaanza kupanga. Herufi moja ya maharagi mekundu, nyingine ya mahindi, nyingine ya karanga, na R ameipanga kwa sambaza, vile visamaki vikavu vya ziwa letu, vichwa vyote vikiangalia upande mmoja. Neno lenyewe lilikuwa KARIBU. Kwa kweli lilikuwa zuri. Nilikaa nikalitazama muda mrefu.

Kwangu, chumba cha nyuma, anakaa Mama Neema na watoto wake. Walikimbia kijiji chao cha Kalengera na mizigo kichwani, na Mungu akawaleta kwenye mlango wangu. Mama Neema alipita na ndoo, akasimama, akainama juu ya ubao.

"Haya ni maharagi ya kwetu," akasema. "Inaivaka mbio. Kumbe siku hizi nayo inaenda masomo!"

Tukacheka wote watatu. Kisha Mariamu akatoa kwenye mfuko wake kopo la verni, ile rangi ya kung'arisha mbao.

"Bibi, nikishapaka hii haitaoza. Itakaa miaka na miaka."

"Na nani atakula?"

"Kula? Bibi, hii si chakula tena. Ni herufi."

Mama Neema alikuwa ameacha kucheka. Alichukua ndoo yake, akaenda zake polepole. Nami nikamwambia Mariamu, "Weka kopo chini kwanza, mama. Nikuambie kitu." Nilichomwambia yeye, nakuambia na wewe.

Maulidi ile tulipika tangu alfajiri. Shangazi yangu Asha ndiye aliyekuwa mkubwa wa sufuria. Wageni wa mjini walikula, wakashiba, wakabaki tu wageni wa Rutshuru, ambao lori lao lilikwama katika matope. Shangazi akawawekea sinia moja kubwa la wali mweupe, akanikabidhi mimi nilifunike, akaenda kuosha vyombo.

Sikulifunika. Wali ule ulikuwa mweupe kama karatasi, mwanangu, na mkono ulikuwa unaniwasha. Nikachukua maharagi mekundu yaliyobaki, nikaanza: ba, na nukta yake chini. Sini, meno yake matatu. Mimu ya duara nikaitoa katika kitunguu kilichokatwa. Alifu na lamu mbili nikazichonga katika karoti. Nilipomaliza, Bismillahi ilikuwa imelala juu ya wali, na mimi nilikuwa nimesahau kama kuna mtu yeyote duniani mwenye njaa.

Wageni wakaingia jua likiwa linashuka, matope mpaka magotini. Pamoja nao alikuwepo bibi mmoja mzee sana, mama wa dereva, ambaye alishushwa kwenye lori kwa kubebwa. Wakanawa mikono. Shangazi Asha akaja na kijiko chake kikubwa na sahani, agawe. Kijiko kikabaki hewani.

"Eh! Mutoto! Umeandika jina la Mungu ndani ya chakula? Sasa mimi nitachota wapi?"

Wakasogea wote. Wakasema mashallah. Wakasifu. Halafu kila mtu akamwangalia mwenzake.

"Anza wewe, Papa Ramazani," mmoja akamwambia dereva.

"Mimi? Nimesukuma gari tangu asubui. Na hii njaa ningekula hata sinia. Lakini ile kitu pale, hapana. Anza weye mwenye ndevu."

Mwenye ndevu akasema udhu wake umetenguka. Mwingine akasema tuuweke wali juu, mahali pa heshima, tupike mwingine. Mchele ulikuwa umekwisha. Mwingine akasema tuufukie ardhini kwa adabu. Maneno yakawa mengi, na mvuke wa wali ukawa unapungua. Bibi yule mzee alikuwa amekwisha kunawa, na mkono wake wa kulia ameuweka juu ya goti, kiganja juu. Nami, Mungu anisamehe utoto wangu, nilikuwa nafurahi. Nilikuwa naomba wasile, kazi yangu ibaki.

Ndipo mwalimu wetu alipotoka msikitini. Wakamweleza. Akainama, akatazama kwa makini kama alivyotazama mbao zetu za kuandikia.

"Sini imelingana," akasema. "Nani mwenye hati hii?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Soma."

"Bismillahi."

"Mtu akiisha kusema Bismillahi mbele ya chakula, anafanya nini?"

Sauti yangu ikapungua. "Anakula, mwalimu."

"Basi Bismillahi ni mlango wa chakula. Mbona umewasimamisha watu mlangoni?" Akawageukia wengine. "Nanyi, mlipougua utotoni, hamkunyweshwa kombe? Si yalikuwa maneno haya haya, yameandikwa kwa zafarani sahanini, yakaoshwa kwa maji, mkayanywa? Jina la Mungu halikuchafuka tumboni mwenu. Leo mnaliogopea tumbo la huyu mama?"

Akachukua kijiko mkononi mwa Shangazi, akasema Bismillahi kwa sauti, akachota pale pale kwenye ba. Sahani ya kwanza akampa bibi mzee. Bibi akala taratibu, sote tukimtazama. Kisha akaniita kwa kidole.

"Mujukuu, maandiko yako ni tamu," akasema. "Ingekuwa moto, ingekuwa tamu zaidi."

Watu wakacheka mpaka Papa Ramazani akapaliwa. Mimi nikatamani ardhi ifunguke. Lakini mwalimu hakunicheka. Usiku ule hakunipiga wala hakunikaripia, kabla ya kuagana aliniambia tu, "Ulipokuwa unapanga karoti, ulikuwa unaliangalia neno. Neno lenyewe lilikuwa linawaangalia wageni." Nimefundisha watoto wa kike kusoma na kuandika maisha yangu yote, na somo kubwa kuliko hilo sijalipata.

Nilipomaliza, Mariamu alikuwa ameligeuza kopo la verni mikononi mara nyingi. "Lakini pointi zangu, Bibi? Profesa anataka kuona."

Nikamwambia sijui profesa atasemaje, na kwamba simu yake inapiga picha vizuri kuliko macho yangu. Akautazama ubao. Kisha akapiga picha, nyingi sana, akipanda hata juu ya kiti. Kopo akalirudisha mfukoni. Akaubeba ubao kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akaenda mpaka mlango wa chumba cha nyuma, akabisha hodi.

"Mama Neema, karibu. Tupike."

Nasikia wahenga wakisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa hiyo, mwanangu, jifunze kazi nzuri, usiione aibu, maana mikono yenye ufundi ni zawadi ya Mungu. Lakini ukiandika Karibu, mlango uwe wazi. Ukiandika Bismillahi, mkono ufuate. Usilipake neno jema rangi ya kulihifadhi wakati aliyeandikiwa amekaa karibu nawe, amekwisha kunawa mikono, anangoja.

Mungu aibariki hati yako na sufuria yako pamoja. Akupe wageni wa kukusifu, na wengine wa kukuambia wali umepoa, nawe uwapende wote. Amina.